Familia 24, koili mbili: ramani nyekundu ya watoto wenye selimundu na jinsi ilivyosinyaa

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Je, watoto wenye selimundu wanaohudhuria kliniki jijini Mwanza wana sehemu nyeupe ya ubongo (nyuzi za mawasiliano zilizo ndani) iliyo ndogo kuliko ya ndugu zao wa tumbo moja wasio na ugonjwa huo? Timu ilipata familia 24, na kila familia ikatoa watoto wawili, mgonjwa na ndugu yake, wote wa miaka 7 hadi 15. Jumla zikawa picha 48 za MRI. Uchambuzi wa kwanza ulitoa ramani iliyowaka wekundu karibu ubongo mzima, na wastani wa upungufu kwa wagonjwa ukawa mililita 27. Uchambuzi wa mwisho ulitoa mililita 11, na masafa yake ya uhakika yalivuka sifuri, yaani huenda hakuna upungufu kabisa. Watoto walikuwa wale wale, na ugonjwa ule ule.

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kufundishia, kwa hiyo familia na vipimo vyake ni vya mfano. Makosa yaliyomo ni ya kweli. Hujirudia kila mahali watu wanapolinganisha makundi mawili kwa picha za ubongo, na mengi hayaonekani hadi mtu afungue daftari la miadi.

Ugonjwa wenyewe kwanza, kwa kuwa modeli ya takwimu isiyojua ugonjwa ni hatari. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye selimundu nyingi zaidi Tanzania. Damu inayokwama kwenye mishipa midogo, pamoja na upungufu wa damu wa kudumu, huunyima ubongo oksijeni. Mbali na kiharusi kinachoonekana kwa macho, kuna viharusi vya kimya: mtoto halegei upande wala hapotezi usemi, ila picha inaonyesha kovu. Kwa tafsiri inayotumika sana, kovu hilo liwe na upana wa angalau milimita 3 na lionekane katika pande mbili za ukataji wa picha. Kwa watoto wenye aina ya SS (waliorithi jeni ya selimundu kwa wazazi wote wawili) waliofuatiliwa kwa MRI, zaidi ya 1 kati ya 4 huwa nalo kabla ya kutimiza miaka 6. Makovu hayo hupenda sehemu nyeupe ya ndani, hasa ya mbele, ambako maeneo ya mishipa mikubwa hukutania na damu ni haba. Ndiyo maana timu ilichagua sehemu nyeupe kuwa kipimo chake kikuu, na ikaandika hivyo kabla ya kupiga picha hata moja. Hilo lilifanyika vizuri na linastahili kutajwa.

Kutumia ndugu kama kundi la kulinganisha nako kulikuwa uamuzi mzuri. Wanakula sufuria moja, wanasoma shule moja, wanaoga ziwa lile lile. Lakini ndugu si mtoto yeyote tu asiye na dalili. Wazazi wote wawili wakiwa na sifa ya AS (jeni moja tu ya selimundu, bila ugonjwa), mtoto wao asiye na ugonjwa ana uwezekano wa 2 kati ya 3 wa kuwa AS mwenyewe. Katika ndugu 24, tegemea kama 16 wawe AS. Kila ndugu lazima apimwe himoglobini kwa elektroforesisi, na aina yake iingie kwenye jedwali. Vilevile kichocho cha tumbo ni cha kawaida mwambaoni, na hupunguza damu. Choo kipimwe kwa njia ya Kato-Katz, na anayekutwa nacho apewe prazikwanteli kama mtoto mwingine yeyote.

Ramani ya kwanza

Picha zilikatwa sehemu kwa programu ya CAT12. Inatoa, kwa kila mtoto, faili la mwp2, yaani ramani ya sehemu nyeupe iliyovutwa kwenye umbo la pamoja huku ujazo wa asili ukihifadhiwa. Ramani zikalainishwa, zikawekwa makundi mawili ya 24 na 24, likafanywa jaribio la t la makundi mawili kwa kila vokseli (kijisanduku kidogo cha picha), kisha ikaonyeshwa kila vokseli yenye p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa hivyo kwa bahati tu) chini ya 0.001 iliyo kwenye kishada cha vokseli 10 au zaidi zilizoshikana.

Makosa madogo yalikuwa manne, na kila moja linarekebishika kwa mchana mmoja.

La kwanza, kulainisha. Maelekezo yalisema milimita 8. Mchambuzi akaandika amri ya fslmaths yenye -s 8, na kwenye FSL, programu nyingine ya picha za ubongo, namba hiyo ni sigma (mtawanyiko wa kawaida wa kengele), ilhali milimita 8 za kawaida ni upana wa kengele kwenye nusu ya kimo. Upana huo ni sigma mara 2.355. Kwa hiyo picha zililainishwa kwa karibu milimita 19, na kovu la milimita 3 likayeyuka kwenye ujirani wake kama chumvi kwenye sufuria ya maharage. Namba sahihi ilikuwa 3.4. Anayetumia programu ya SPM haangukii hapa kwa sababu huko unaandika upana wenyewe. Hatari iko kwa anayevuka kutoka programu moja kwenda nyingine.

La pili, mpangilio wa faili. Kompyuta hupanga majina kwa herufi, hivyo M10 hadi M19 huja kabla ya M2. Jedwali la Excel lilipangwa kwa namba. Safu ya umri ikawa inamhusu mtoto mwingine kabisa. Andika M02, M03, na kabla ya jaribio lolote fanya hili: toa jumla ya ujazo wa sehemu nyeupe kutoka kila faili la rundo la 4D (picha za watoto wote zilizounganishwa), kisha ulinganishe, mstari kwa mstari, na jumla iliyoandikwa kwenye ripoti ya mtoto huyo. Zikitofautiana hata mara moja, simama.

La tatu, ukubwa wa kichwa. Faili za mwp2 hubeba ujazo kamili, kwa hiyo mtoto mwenye kichwa kidogo huonekana ana upungufu kila mahali. Ujazo wa ndani ya fuvu lazima uingie kwenye modeli ya vokseli. Njia ya FSL-VBM inatofautiana: marekebisho yake hutumia sehemu isiyo ya mstari pekee, hivyo tofauti ya ukubwa wa jumla imeshaondolewa, na ukiongeza ujazo wa fuvu unasahihisha mara mbili. Lazima ujue faili lako limetoka jiko gani.

La nne ni kizingiti. Maski yao ilikuwa na vokseli 180,000. Kwa p ya 0.001, tegemea vokseli 180 ziwake hata kama makundi hayatofautiani hata chembe, na kwa kuwa picha zimelainishwa, zitawaka kwa mafungu, si moja moja. Kishada cha vokseli 10 hakizuii chochote. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samaki aina ya samoni, aliyekwisha kufa, ndani ya mashine ya MRI, wakamwonyesha picha za watu, wakapata vokseli "zilizowaka" ubongoni mwake kwa kizingiti cha 0.001 kisichosahihishwa. Baada ya kusahihisha, hakikubaki kitu. Mwaka 2016 Anders Eklund, Thomas Nichols na Hans Knutsson walionyesha kwamba hata usahihishaji wa vishada uliokuwa ukiaminiwa kwenye picha za utendaji wa ubongo ungeweza kutoa matokeo ya uongo hadi asilimia 70 pale palipoahidiwa asilimia 5. Picha za maumbo zina tatizo lake la ziada: ulaini haulingani kila mahali, kwa hiyo kishada kikubwa katika sehemu laini hakina uzito sawa na kishada hicho hicho katika sehemu yenye mikwaruzo.

Daftari la miadi

Baada ya marekebisho hayo manne ramani ilipungua, ila wekundu ulibaki mwingi, na ulikuwa na sura ya ajabu. Ulikaa kama utepe kwenye mpaka wa sehemu nyeupe na ya kijivu, kuuzunguka ubongo wote kwa usawa. Ugonjwa wa mishipa haupaki rangi namna hiyo, kwani una maeneo yake. Utepe unaofuata mpaka kila upande ni dalili kwamba mng'ao wa picha umebadilika, na programu imeusogeza mpaka kidogo ndani kwa kundi moja.

Vichwa vya faili za DICOM, yaani faili ghafi za mashine, vilikuwa na jibu tangu siku ya kwanza. Programu ya dcm2niix huandika faili dogo la JSON kando ya kila picha, na ndani yake mna mistari ya SoftwareVersions na ReceiveCoilName. Ukiisoma kwa picha zote 48 unapata majina mawili ya koili ya kichwa (kifaa kinachozunguka kichwa na kupokea ishara) na matoleo mawili ya programu ya mashine. Koili ya zamani iliharibika, ikabadilishwa mwezi wa 10, na fundi aliyekuja kuifunga akasasisha programu siku hiyo hiyo. Koili mpya husikia ishara kwa namna nyingine karibu na fuvu, na toleo jipya lilikuja na usahihishaji wa upotofu wa picha ukiwa umewashwa.

Wagonjwa walipigwa picha lini kwa wingi? Kliniki ilianza nao mwezi wa 6 hadi wa 9, kila mmoja siku yake ya kliniki. Ndugu, wengi wao wanafunzi, na baadhi wakitokea Ukerewe na Sengerema, wakasubiri likizo ya mwezi wa 12. Kwa mzazi ulikuwa mpango wa huruma: mtoto hakosi shule. Ukihesabu familia unapata hivi:

Wote wawili koili ya zamani: familia 6.
Wote wawili koili mpya: familia 5.
Mgonjwa ya zamani, ndugu mpya: familia 13.
Mgonjwa mpya, ndugu ya zamani: hakuna hata moja.

Kwa hiyo wagonjwa 19 kati ya 24 walikuwa koili ya zamani, na ndugu 18 kati ya 24 koili mpya. Katika zaidi ya nusu ya familia, neno "mgonjwa" na neno "koili ya zamani" yalikuwa kitu kimoja.

Hapa ndipo wachambuzi wengi huongeza safu ya mashine kwenye modeli na kuendelea. Tuangalie safu hiyo inafanya nini hasa. Chukua tofauti ndani ya kila familia, mgonjwa toa ndugu, na weka safu yenye 0 pale koili ni moja na 1 pale koili ni mbili. Familia 13 zenye 1 zina tofauti iliyochanganya ugonjwa na koili, na modeli haina namna ya kuzitenganisha ila kwa kuangalia familia 11 zenye 0. Kianzio cha modeli, yaani makadirio ya athari ya ugonjwa peke yake, kinatoka kwenye familia hizo 11 karibu moja kwa moja. Zile 13 zinasaidia kukadiria athari ya koili na mteremko wa umri, basi. Mchambuzi anayeandika "familia 24, mashine imedhibitiwa" anasema kweli kwa maneno, ila msomaji anaelewa kwamba kuna ushahidi wa familia 24. Kuna wa 11.

ComBat, njia ya takwimu ya kuondoa tofauti za mashine, ilipendekezwa pia. Ni njia nzuri pale kila mashine ina watu wa kutosha wa kila kundi. Hapa koili mpya ina wagonjwa 5 tu, na ya zamani ina ndugu 6. Ukiiambia ihifadhi tofauti ya makundi, itajenga makadirio ya mashine juu ya watoto hao wachache, isahihishe picha zote 48, kisha jaribio linalofuata lizichukue picha zilizosahihishwa kana kwamba ndivyo zilivyotoka kwenye mashine. Mashaka ya usahihishaji hayafiki kwenye thamani ya p, nayo inatoka ndogo kuliko inavyostahili.

Kilichobaki ni kupiga picha upya. Timu iliomba marekebisho ya kibali cha maadili, ikatenga nauli, ikawaita wagonjwa wa zile familia 13 warudi kwenye koili mpya. Walirudi 9. Familia mbili zilikuwa zimehamia Geita, mtoto mmoja alikuwa amelazwa, na mzazi mmoja hakukubali, jambo ambalo ni haki yake. Familia zenye koili moja sasa zikawa 20.

Wale 9 waliopigwa mara mbili walikuwa kishawishi kikubwa. Kwenye koili mpya walionyesha wastani wa mililita 9 zaidi za sehemu nyeupe, na mtu akaona hiyo ndiyo namba ya kusahihishia wanne waliosalia. Lakini kati ya picha ya kwanza na ya pili ilipita kama miezi 8, na sehemu nyeupe ya mtoto inakua. Kwa mteremko wa data hii, mililita 5 kwa mwaka, zaidi ya 3 kati ya zile 9 ni ukuaji. Hizo nyingine, kama 6, zinatoka kwa watoto 9 wenye mtawanyiko mkubwa. Namba hiyo inatosha kuthibitisha kwamba koili ilidanganya na inaonyesha upande uliodanganya. Haitoshi kusahihishia mtoto.

Sifuri ya umri

Modeli ya tofauti ndani ya familia ina faida kubwa. Ndugu hufanana ubongo. Ikiwa uhusiano kati yao ni 0.5, mtawanyiko wa wastani wa tofauti, kwa maana ya varianzi, unakuwa nusu ya ule wa makundi mawili yasiyohusiana yenye idadi hiyo hiyo. Jaribio la t la makundi mawili lilikuwa limeitupa faida hiyo yote.

Jedwali la modeli linakuwa fupi. Mistari mitatu kati ya yote:

F03: kianzio 1, umri −2.4, jinsia 0
F07: kianzio 1, umri +0.9, jinsia −1
F16: kianzio 1, umri −3.1, jinsia +1

Umri hapa ni wa mgonjwa siku ya picha kutoa wa ndugu siku ya picha, kwa miaka na desimali. Wale 9 waliorudi lazima wahesabiwe upya kwa tarehe mpya. Jinsia ni 0 kama wanafanana, +1 kama mgonjwa ni wa kike na ndugu wa kiume, −1 kinyume chake. Kwa modeli ya vokseli inaongezwa tofauti ya ujazo wa fuvu.

Sasa, kila anayejifunza uchambuzi huu hufundishwa kuondoa wastani kwenye vigezo vya kudhibiti kabla ya kuviingiza. Kwa makundi mawili ya kawaida, yenye safu ya kila kundi, hilo halina madhara: kontrasti ya kundi A toa kundi B haibadiliki, mradi umeondoa wastani wa watu wote kwa pamoja. Katika modeli ya tofauti za familia, amri hiyo hiyo inaharibu kila kitu, na inafanya hivyo kimya kimya.

Kianzio husoma tofauti pale vigezo vyote vina sifuri. Ukiacha umri kama ulivyo, sifuri maana yake mgonjwa na ndugu wana umri sawa, nalo ndilo swali letu. Ukiondoa wastani, sifuri inahamia kwenye pengo la wastani. Katika familia hizi wagonjwa walikuwa wadogo kwa wastani wa mwaka 1.6. Kwa mililita 5 kwa mwaka, pengo hilo peke yake linatoa mililita 8. Umri ulioondolewa wastani ulitoa upungufu wa mililita 19, na umri ulioachwa ulivyo ulitoa mililita 11. Hakuna programu itakayolalamika, grafu zote zinapendeza, mabaki (kile ambacho modeli haikukieleza) ni yale yale hadi desimali ya mwisho. Zile mililita 8 ni utoto, na karatasi ingeziita selimundu.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiwashe chaguo la -D la randomise (programu ya FSL ya majaribio kwa kubadilishana majina) kwenye jaribio la kundi moja. Linaondoa wastani wa data yenyewe, na wastani wa data ndicho kitu unachokitafuta.

Mteremko mmoja wa umri kwa familia zote ni dhana, na inafaa iandikwe wazi. Watoto wenye selimundu mara nyingi huchelewa kukua na kubalehe, hivyo mwaka mmoja kwa mgonjwa wa miaka 13 huenda usilingane na mwaka mmoja kwa ndugu yake.

Himoglobini, fuvu na makovu

Msomaji wa rasimu alitaka himoglobini iongezwe kwenye modeli ili "kuondoa athari ya upungufu wa damu". Timu ilikataa, na ilikuwa sahihi. Mtoto mwenye SS mara nyingi hukaa kwenye gramu 6 hadi 9 kwa desilita, na ndugu juu ya hapo, hivyo makundi karibu hayapishani. Kuuliza ubongo wa mgonjwa ungekuwaje kama angekuwa na gramu 12 ni kuuliza juu ya mtoto ambaye hayumo kwenye data. Zaidi ya hapo, upungufu wa damu ni njia mojawapo ambayo ugonjwa hupita kuufikia ubongo. Ukiufunga mlango huo kisha ukasema ugonjwa hauna athari, umejidanganya. Himoglobini ina kazi nzuri ndani ya wagonjwa peke yao: je, wenye damu kidogo zaidi wana sehemu nyeupe ndogo zaidi? Hilo ni swali lingine, nalo liwe na sehemu yake.

Fuvu nalo. Uboho unaofanya kazi kupita kiasi hupanua mifupa ya kichwa, na kwa baadhi ya watoto wenye selimundu fuvu huwa nene, huku uboho wake ukionekana mweusi zaidi kwenye picha ya T1, aina ya MRI inayotumika kwa maumbo. Programu inayokadiria ujazo wa ndani ya fuvu kwa kuvuta kichwa kizima kwenye kiolezo inaweza kuhesabu unene huo kama ubongo. Kila maski ya fuvu ikaguliwe kwa macho, kipande kwa kipande, na mtu asiyejua nani ni mgonjwa. Mtu huyo huyo ayape alama mawimbi ya kutikisika, maana kichwa kinachotikisika hufanya ubongo uonekane mdogo, na mtoto mwenye maumivu ya mifupa hatulii kwenye meza ngumu kwa dakika nyingi.

Kovu la kiharusi kimya ni jeusi kwenye T1. Programu inaliona na kuliita sehemu ya kijivu. Hapo mgonjwa anapoteza sehemu nyeupe na "kupata" ya kijivu ambayo haipo. Makovu yalichorwa kwa mkono kwenye FLAIR (aina ya MRI ambamo makovu hung'aa) na wasomaji wawili, yakajazwa mng'ao wa sehemu nyeupe ya jirani, kisha picha ikakatwa upya. Ujazo wa makovu uliripotiwa peke yake. Mtoto mmoja alikuwa na kiharusi kikubwa cha zamani. Familia yake iliondolewa kwa kigezo kilichoandikwa mapema. Ndugu wa familia nyingine alitikisika mno. Zikabaki familia 18.

Hesabu ya mwisho

Kama ugonjwa hauna athari, kumwita huyu mgonjwa na yule ndugu, au kinyume, kusibadilishe kitu. Kubadilishana majina ndani ya familia ni sawa na kugeuza alama ya tofauti yao, na familia 18 zina njia 262,144 za kufanya hivyo. Njia 5000 zilizochaguliwa kwa nasibu zinatosha: p ya 0.05 inakadiriwa kwa kosa la kama 0.006 kila upande. Ikitokea p ya 0.047, ongeza hadi 20,000 kabla ya kusherehekea. Kazi ilifanywa kwa programu ya PALM, kwa kuwa inakubali kuambiwa wazi -ise, yaani geuza alama, pamoja na -T kwa ajili ya TFCE (njia ya kuyapa mabaka uzito bila kuchagua kizingiti cha kishada) na -twotail kwa pande zote mbili. Anayetumia randomise akumbuke kwamba ramani zake za corrp (za p iliyosahihishwa) ni 1 toa p, na kwamba kontrasti mbili zilizotafutwa kila moja kwa 0.95 zinafanya kosa la jumla la karibu asilimia 10. Kizingiti kiwe 0.975.

Matokeo: jumla ya sehemu nyeupe, upungufu wa mililita 11, masafa ya uhakika ya asilimia 95 kutoka upungufu wa 23 hadi ziada ya 1. Kwenye vokseli, mabaka mawili ya ndani ya sehemu ya mbele yenye p iliyosahihishwa ya 0.08. Hakuna lililovuka.

Mtu akapendekeza mabaka hayo yachukuliwe kama eneo maalumu, wastani wake utolewe, na jaribio moja lifanyike bila kusahihisha. Huo ni mduara: eneo limechaguliwa kwa sababu lina tofauti, kisha linaulizwa kama lina tofauti. Ripoti ilitoa ramani nzima bila kukata kizingiti, ikataja mwelekeo na eneo, na haikuandika neno "hakuna tofauti". Familia 18 zina nguvu ya asilimia 80 ya kunasa athari ya kuanzia kama 0.7 ya mtawanyiko wa kawaida, kwa kipimo kimoja. Kilichoonekana, mililita 11 juu ya mtawanyiko wa 22, ni 0.5, na hicho kinahitaji familia 34. Awamu hii ilipoteza robo ya familia, hivyo awamu ya pili imepangiwa 46.

Daftari jipya la miadi lina mstari mmoja kwa familia, badala ya mmoja kwa mtoto. Mgonjwa na ndugu huja siku moja, likizo ya mwezi wa 6 au wa 12, koili moja. Familia zenye namba witiri huanza na mgonjwa, zenye namba shufwa huanza na ndugu. Chupa ya majaribio ya kukagua mashine hupigwa picha kila Jumatatu asubuhi, na toleo la programu ya mashine huandikwa kwa mkono pembeni. Mmoja wao akipatwa na maumivu, miadi ya wote wawili inasogezwa, na nauli ya kurudi hulipwa kama kawaida.